Ufunguo Shingoni mwa Mkombozi

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nasema mapema, asije mtu akajikuna mahali pasipomwasha halafu akadai nimemsema yeye. Haimo kwenye ramani, na ukiuliza njia ya kufika utaambiwa umeshaipita. Lakini serikali inayo, tena yenye sauti nene, na katikati ya nchi unapita mto. Ng'ambo hii ya mto panaitwa Kivulini, kwa kuwa serikali ilipanda miti upande huu. Ng'ambo ile panaitwa Juani, kwa kuwa miche iliisha kabla ya kufika darajani. Watu wa Kivulini wana rangi ya chai iliyomiminiwa maziwa mengi. Wa Juani ni chai ya rangi, haikupitiwa na ng'ombe.

Mimi nimewaambia ninyi tu, msinichongee. Huko kutaja rangi ni kosa. Baraza Kuu la Ukombozi wa Mwanamke lilishapitisha azimio kwamba mwanamke hana rangi, na atakayeitaja rangi ndiye aliyeileta. Azimio likachapwa kwenye kanga: MWANAMKE NI MMOJA. Na kweli bwana, mwanamke alikuwa mmoja. Aliishi Kivulini, nyumba ya ghorofa yenye bustani, na jina lake ni Mheshimiwa Bi. Klotilda, Mwenyekiti wa Baraza.

Zamani wanawake wa Kivulini waliteseka. Hapo sitanii, waliteseka kwelikweli: waume zao waliwafungia majikoni wakazeeka na moshi machoni. Mpaka siku moja nyanya yake Klotilda, mwanamke mwenye roho ya simba, akatoka jikoni, akaufunga mlango kwa nje, akautundika ufunguo shingoni na kwenda nao kwa miguu hadi ikulu. Nchi ikatikisika. Tangu hapo kila mwanamke wa Kivulini aliyekombolewa, mkombozi kama wanavyojiita, huvaa shingoni ufunguo wa jiko lake, wa shaba au wa dhahabu kwa kadiri ya ukombozi wake, na kila mwaka huadhimishwa Siku ya Ufunguo kwa gwaride na pilau.

Ni desturi nzuri, mimi sina neno nayo. Ila waume wa Kivulini hawakuacha kula, na chakula, kwa bahati mbaya, hakijipiki. Kwa hiyo kabla mlango haujafungwa, hutiwa mtu ndani.

Katika jiko la Bi. Klotilda, mtu huyo alikuwa Mwajabu wa Juani. Aliwahi kuruhusiwa kwenda kwao kuolewa na kuzaa, akarudishwa; mume wake alishafariki. Mtoto wake mmoja tu, Tunu, alilelewa na bibi mzaa baba ng'ambo ya mto, na Mwajabu alimwona mara moja kwa mwaka, tena kwa kuhesabiwa saa kama mgonjwa wa wodini. Mama yake Mwajabu naye alizeekea katika jiko la mama yake Klotilda. Ukoo mmoja ulirithishana ufunguo, ukoo wa pili ukarithishana mwiko.

*

Siku hiyo Mwajabu alikuwa anachambua mchele aliposikia anaitwa kutoka dirishani. Dirisha la jiko lile lilikuwa na nondo nene, kwa ajili ya usalama wake, na mboga zilipitishwa katikati ya nondo. Aliyeita ni Semeni, muuza mchicha, mtu wa Juani mwenzake.

"Mwajabu we! Sogea hapa, shoga yangu, sogea haraka."

"Leo mchicha sitaki, kuna bamia."

"Achana na mchicha! Kisebengo kapita mtaani kwenu na fimbo yake."

Mchele ukamwagika. Kisebengo alikuwa wakala. Mzaliwa wa Juani huyo huyo, shati limepigwa pasi, kazi yake kuzunguka kutafuta mabinti wa kutiwa majikoni. Alitembea na fimbo yenye urefu wa meko ya jiko la Kivulini. Binti akisimama karibu na fimbo, kichwa kikiipita, basi ameiva: anaweza kuona ndani ya sufuria.

"Tunu bado mdogo," Mwajabu akasema.

"Mdogo alikuwa mwaka jana. Mwaka huu kaipita fimbo, nimeona kwa macho yangu. Na Kisebengo kasema anamfuata Siku ya Ufunguo yenyewe, jua la utosi. Eti wakombozi wapya ni wengi safari hii, na kila mkombozi anataka wa kumfungia."

"Na bibi yake kasemaje?"

"Aseme nini? Yeye si mama mzazi."

Hapo Semeni alisema kweli. Desturi ya Juani ni hii: wakala akija kumtaka binti, mama mzazi husimama kizingitini, anashika miimo ya mlango kwa mikono miwili na kusema, "Huyu hatoki." Basi, yamekwisha. Wakala awe na barua ya waziri, awe na askari, hapiti juu ya neno la mama aliye kizingitini, maana anayepita hapo kizazi chake kinakatika, na hilo halina mjadala. Lakini lazima awe mama mwenyewe. Nyanya hafai, shangazi hafai. Mama asipokuwepo, kimya chake ni ridhaa. Na akina mama wa Juani hawapo makwao. Mnajua walipo.

Hivyo ndivyo Mwajabu alivyochukuliwa utotoni. Anaikumbuka ile siku: alikuwa anautazama mlango, na mlango ulikuwa mtupu.

"Semeni," akasema, ameshika nondo, "lazima nifike."

"Utafikaje, na wewe umefungiwa kama dagaa kwenye debe?"

*

Jioni Bi. Klotilda alirudi kutoka kwenye semina, akafungua mlango kwa ufunguo wa dhahabu na kutaka maji ya kunywa. Mwajabu akamletea maji na kupiga goti kidogo.

"Bi Mkubwa, nina ombi."

"Usiniite Bi Mkubwa, Mwajabu. Hayo ni maneno ya enzi za giza. Mimi na wewe ni ndugu."

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Naomba ruhusa Siku ya Ufunguo. Mchana tu. Nikirudi nitaosha vyombo vyote, hata vya jirani."

"Ruhusa ya nini?"

"Wakala anakuja kumchukua mwanangu, anampeleka jikoni. Nataka nikasimame mlangoni nimzuie."

Bi. Klotilda akashika kifua. Machozi yakamlengalenga, na yalikuwa machozi ya kweli, msimwonee. "Masikini! Mtoto mdogo! Unaona, Mwajabu? Unaona wanaume wanavyotutenda?"

"Wanaomwagiza ni akina mama wa huku, Bi Mkubwa."

Lo! Machozi yakarudi yalikotoka. Bi. Klotilda akaweka glasi chini taratibu, kama anaweka kitu kinachoweza kulipuka.

"Mwajabu. Kauli kama hizo zinawagawa wanawake. Sisi wa huku, ninyi wa kule, yametoka wapi hayo? Mimi sijawahi kuona tofauti yoyote kati yangu na wewe. Siku zote naingia humu jikoni, sijaiona."

"Samahani, Bi Mkubwa. Na ruhusa?"

"Ruhusa, ndugu yangu, hupewa mfanyakazi. Mfanyakazi ana mkataba, ana likizo, akiumwa analala. Wewe ni mtu wa familia. Umewahi kuona mtu akachukua likizo ya familia yake?"

Mwajabu akafikiri. Hakuwahi kuona.

"Na tena hiyo ndiyo sikukuu yetu sote. Wewe usipokuwepo, nani atapika pilau la ukombozi?" Akambusu shavuni, akatoka, akafunga mlango. Mwajabu akasikia ufunguo ukigonga gonga kwenye shanga za Mheshimiwa, sauti ikipanda ngazi mpaka ikapotea.

*

Sasa, Bi. Klotilda alikuwa pia kiongozi wa Kamati ya Sauti Zisizosikika. Kamati hiyo ilikutana sebuleni kwake siku chache kabla ya sikukuu, na Mwajabu alifunguliwa ili apeleke chai.

Aliwakuta wamezunguka meza, funguo zinameta vifuani. Katikati yao palikuwa na kiti kimoja kitupu kilichofungwa utepe wa zambarau, na juu ya utepe pameandikwa: MWANAMKE WA JUANI. Aliyekuwa anazungumza ni Dokta Pelagia, bingwa wa mwanamke wa Juani, ambaye alisomea habari zake miaka mingi katika nchi za mbali na kwa ajili ya utafiti aliwahi kufika hadi katikati ya daraja.

"Wajumbe," alisema Dokta Pelagia, "kila mkutano tunamwekea kiti, na kila mkutano hatokei. Utafiti wangu unaonyesha kwamba mwanamke wa Juani ana haya. Hapendi mikutano. Tena hana malalamiko, kwa sababu hajawahi kuja kulalamika."

"Inauma sana," akasema mjumbe mmoja.

Mwajabu alisimama na sinia, hana pa kuliweka, meza imejaa makaratasi.

"Weka hapo kwenye kiti," Bi. Klotilda akamwambia. "Hakina mtu."

Akaweka sinia juu ya utepe. Akasema, "Nipo hapa."

"Asante, mpenzi, tumekuona. Sukari umeleta?"

Mwajabu alijua afanyacho ni hatari. Lakini alimwona Tunu amesimama kando ya fimbo, na moyo ukamsukuma. "Nasema mimi ni mwanamke wa Juani. Mnayemtafuta. Nipo hapa, na malalamiko ninayo."

Dokta Pelagia akapekua makaratasi yake kama mtu anayetafuta ukurasa uliotoroka. Halafu vikafuata vigelegele, msiniulize. Walimkumbatia, wakamlilia begani, mmoja akamshika nywele kuona zikoje. Ikaamuliwa papo hapo kwamba Siku ya Ufunguo, Mwajabu atazungumza mbele ya taifa, dakika moja nzima.

"Kwa hiyo nitatoka jikoni siku hiyo?" akauliza.

"Utatoka, ndugu yangu! Uwanjani, mbele ya kila mtu!"

Uwanja wa taifa uko kandokando ya daraja. Mwajabu akapiga hesabu yake kimoyomoyo: akimaliza dakika yake anashuka jukwaani, anavuka daraja, anakata vichochoro, na kabla ya jua la utosi yuko kizingitini, mikono kwenye miimo. Kwa mara ya kwanza tangu Semeni aje dirishani, alipumua.

"Lakini ataeleweka?" akauliza mjumbe aliyemshika nywele.

Nchi nzima ile inasema lugha moja, Kivulini na Juani, tangu enzi na enzi. Dokta Pelagia akavua miwani. "Maneno yake yataeleweka. Mawazo yake ndiyo yanahitaji mkalimani. Nitajitolea."

*

Asubuhi ya sikukuu mlango wa jiko ulifunguliwa mapema. Mwajabu alikuwa amevaa kanga mpya ya MWANAMKE NI MMOJA na viatu vya kukimbilia. Akatoka uani, akavuta hewa, akajiambia, mwanangu, nakuja.

Nje palisimama lori. Juu ya lori palijengwa jiko. Jiko zima: kuta, mafiga, masufuria, dirisha la nondo, na mlango wenye kitasa kipya. Ubavuni pameandikwa JIKO LA ZAMANI, ILI TUSISAHAU TULIKOTOKA.

"Ni wazo la Pelagia," Bi. Klotilda akasema kwa fahari. "Taifa litakuona katika mazingira yako halisi. Na pilau litaiva humo humo, maana uwanja mzima utakula. Ingia, ndugu yangu."

"Bi Mkubwa, nitashuka saa ngapi?"

"Ukishazungumza." Akamsukuma mgongoni kwa upole. Kitasa kikalia.

Lori likazunguka mji mzima, bendi mbele, wakombozi nyuma. Mwajabu alikoroga huku akishika ukuta asimwagikiwe na mafuta ya moto. Walipoingia uwanjani jua lilikuwa limeshapanda, na kupitia nondo aliliona daraja, karibu kabisa, ungeweza kutupa kokwa la embe likafika. Na darajani akamwona Kisebengo anavuka kwenda Juani, shati jeupe, fimbo begani, anapiga mluzi.

"Mheshimiwa!" Mwajabu akaita. "Nipeni dakika yangu sasa! Sasa hivi!"

Lakini kwanza alihutubia Waziri. Kisha mke wa Waziri. Kisha Bi. Klotilda akasimulia habari za nyanya yake, shujaa, jinsi alivyoufunga ule mlango, na uwanja ukasimama kwa heshima. Jua likafika utosini. Ndipo kipaza sauti kikasogezwa dirishani, na Dokta Pelagia akasimama pembeni.

Mwajabu hakupoteza muda. "Mwanangu anachukuliwa sasa hivi. Yule aliyevuka daraja na fimbo ndiye aliyemfuata. Naomba nifunguliwe nikamzuie."

"Anasema," akatangaza Dokta Pelagia, "anawasalimu sana, na sisi sote ni mabinti wa mama mmoja."

Makofi.

"Sikusema hivyo! Nimesema mlango umefungwa! Niko ndani!"

"Anasema mlango umefunguka, na anajisikia yuko nyumbani."

Makofi zaidi, na leso zikatolewa. Karibu na lori alisimama msichana wa Kivulini, ufunguo wake mpya unameta. Akamgusa mwenzake. "Mbona mimi nasikia anaomba afunguliwe?"

"Nyamaza, Agripina. Usigawe wanawake."

Lakini mkono wa Agripina ulikwenda kwenye ule ufunguo wake, anaugeuza geuza, kama mtu aliyeonja mboga akahisi chumvi imezidi.

"Nifungulieni!" Mwajabu akapiga kelele, akazitingisha nondo kwa nguvu zake zote. "Jamani, akina mama, ninyi si wazazi? Nifungulieni!"

Dokta Pelagia sauti ilimkatika kwa hisia. "Anasema: Tumefunguliwa!"

"Tumefunguliwa!" uwanja ukaitikia, maelfu ya vinywa. "Tumefunguliwa! Tumefunguliwa!"

Katikati ya kelele hizo Kisebengo alirudi darajani. Nyuma yake mabinti wamefuatana mmoja mmoja, kila mmoja na kifurushi chake. Umati ukadhani ni gwaride la watoto, ukawapungia vitambaa. Wa mwisho alikuwa Tunu. Aliangalia huku na huku, akapunga naye, kwa adabu, hajui anampungia nani.

Mwajabu akaita jina lake mpaka koo likakauka. Dakika ilikuwa imekwisha, kipaza sauti kimezimwa. Nyuma yake pilau likaanza kunukia, na msimamizi akagonga ukuta wa jiko kuuliza kama limeiva.

*

Kesho yake Mwajabu alikuwa amekaa chini jikoni kwa Bi. Klotilda, hajawasha moto. Alikuwa amelia mpaka machozi yameisha, amebaki na kwikwi tupu. Aliposikia ufunguo unaingia kitasani hakuinuka.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bi. Klotilda katika nguo za sherehe, na Dokta Pelagia, na mpiga picha, na nyuma yao Kisebengo na fimbo yake, amemshika mkono mtoto.

"Mwajabu, ndugu yangu!" Bi. Klotilda akasema, macho yamemvimba. "Hotuba yako imelitoa machozi Baraza zima. Tumeamua isiende bure. Kuanzia leo, na wewe umekombolewa!" Akainama, akamvika shingoni ufunguo wa shaba. "Huu ni ufunguo wa jiko hili. Na kwa mujibu wa desturi, tumekutafutia wa kukaa ndani."

Mtoto akainua uso. "Mama?"

Mwajabu alisimama bila kujijua.

"Ni mwanao? Huyu?" Bi. Klotilda akashika kinywa. "Mungu mkubwa! Pelagia, andika haraka: Baraza lawakutanisha mama na mwana!" Akalia, akacheka, akamwambia mpiga picha asogee. "Haya, mpenzi, toka sasa. Mwache aingie, funga mlango, uje sebuleni. Kile kiti chako kipo, sinia tumeshaliondoa."

Mwajabu akaushika ule ufunguo. Ulikuwa bado una joto la mkono wa Klotilda. Miaka yote alitaka kutoka, na leo kutoka kulikuwa rahisi hivi: asogee kando, Tunu apite, azungushe ufunguo mara moja. Alimtazama mwanae, kichwa kimeipita fimbo kidogo tu. Akaona hasira inampanda kutoka nyayoni, hasira ambayo hakujua kwamba alikuwa nayo, na aibu pia, kwa kuwa kwa nukta moja miguu yake ilikuwa imeanza kusogea.

Akasogea kweli. Mpaka kizingitini. Akainua mikono miwili, akashika miimo ya mlango huku na huku.

"Huyu haingii."

Kisebengo akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia.

"Amesemaje?" Bi. Klotilda akauliza.

"Anasema karibuni ndani," akajibu Dokta Pelagia.

Bi. Klotilda akaja mbele kwa furaha, akakutana na kiwiko. Mwajabu hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia wakala. "Kisebengo, umenisikia. Huyu haingii."

"Nimesikia, mama." Fimbo ilimponyoka ikaanguka sakafuni, hakuiokota. "Mheshimiwa, unisamehe. Mimi nimezaliwa Juani. Hapo sipiti, hata mnipe ikulu." Akaondoka kinyumenyume, akapotelea getini.

Basi Mwajabu akabaki amesimama. Akitoka, mtoto ataingizwa. Akirudi ndani, mlango utafungwa, na huku nje hatabaki wa kusema neno. Kwa hiyo hakutoka na hakuingia. Tunu alikaa kwenye ngazi, nje, akafungua kifurushi chake na kuanza kula karanga alizofungiwa na bibi yake. Mpiga picha akapiga picha, na baadaye ikatoka kwenye kalenda ya Baraza yenye maneno: MWANAMKE WA JUANI AKIPOKEA WAGENI.

Saa ya chai ikafika, ikapita. Mume wa Bi. Klotilda akaita kutoka juu kuuliza kulikoni. Bi. Klotilda alikuwa bado pale pale, mikono imemwanguka, anageuza shingoni ufunguo wake wa dhahabu ambao sasa haukuwa na mtu wa kumfungia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameumia kweli, kama mtu aliyetoa zawadi ikatupwa.

"Lakini Mwajabu," akasema, machozi yanamtiririka, "ndugu yangu, sasa nani atapika?"

Mikono ya Mwajabu ilianza kumuuma, lakini hakuishusha.